Sumu niliyomtegea panya ilimfikia bundi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwenye ukurasa huu kwamba darini kwake kuna bundi, kwamba hapati usingizi kwa makelele, na kwamba anatafuta sumu itakayomaliza bundi na panya kwa mpigo mmoja. Simlaumu hata kidogo. Miaka michache nyuma ningemtajia sumu hiyo kwa jina na kumweleza namna ya kuitega. Leo namwomba asiitege, na sababu yangu niliiokota chini ya ukuta, alfajiri, nikiwa najiandaa kukabidhi zamu.

Mimi ni mlinzi wa usiku. Nalinda ghala la nafaka na uwanja wake, naingia saa 12 jioni natoka saa 12 asubuhi, na huu ni mwaka wangu wa 19. Kazi ya lindo ni macho na masikio. Anayekwambia kwamba usiku hakuna kitu, jua huyo alikuwa amelala. Giza likianza kushika, mijusi wanatoka nyuma ya bomba la maji ya mvua, kila mmoja anakwenda kwenye kipande chake cha ukuta karibu na taa, na ole wake atakayevuka mpaka. Baada yao popo, ambao huwezi kuwahesabu kwa jinsi wanavyokatiza mbele ya taa. Mvua ikinyesha, vyura hujaa mferejini. Na kutoka kwenye tundu chini ya paa, upande ule ambako bati limeinuka, hutoka bundi.

Ni yule bundi wa rangi ya mchanga, kifua cheupe, na uso mweupe wenye umbo la moyo. Hatoi ule mlio mzito ambao watu wengi wanauita mlio wa bundi. Huyu hupiga ukelele mkavu, mrefu, kama shuka inayochanwa. Usiku wangu wa kwanza pale ghalani nilimmulika kwa tochi na kirungu mkononi, nikijua ni mwizi. Najua sifa zake kwa watu. Wapo wanaovuka barabara wakimwona, na wapo wanaompiga mawe mpaka aanguke. Mimi nimekaa naye miaka yote hiyo na sijapata kumwona akileta kitu nyumbani kwa mtu, isipokuwa panya kwa watoto wake.

Kwa muda mrefu nilikuwa naandika kwenye kitabu cha zamu maneno yale yale: "Usiku shwari, hakuna tukio." Kwa mwajiri ilikuwa kweli. Lakini kuna usiku niliyaandika nikajiona nasema uongo, maana dakika ile ile bundi alikuwa amepita juu ya kichwa changu na panya anayening'inia. Nikatenga daftari la pili, la kwangu mwenyewe. Humo naandika saa, hali ya hewa, na nilichokiona, basi. Sichori, sipigi picha. "Saa 1:10, ametoka. Saa 1:32, amerudi, panya. Saa 1:51, amerudi, panya." Msimu wa makinda niliwahi kuandika safari 14 kabla ya saa 8 usiku, na hizo ni zile nilizoziona tu, kwa sababu nusu ya usiku niko upande wa pili wa uwanja.

Chini ya lile tundu, sakafuni, huwa kuna madonge meusi yanayong'aa yakiwa mabichi, makubwa kiasi cha kidole gumba cha mtu mzima. Nilikuwa nayafagia nikidhani ni kinyesi. Kumbe ni matapishi. Bundi humeza panya mzima mzima, kisha tumbo huchambua: nyama inakwenda mwilini, manyoya na mifupa vinafungwa donge na kutemwa. Asubuhi moja nilichukua donge lililokauka, nikalilowesha kwenye kifuniko cha ndoo, nikalifungua taratibu kwa msumari. Ndani ya yale manyoya ya kijivu kulikuwa na mafuvu manne. Manne, Mhariri, katika donge moja. Kila fuvu dogo kuliko ncha ya kidole changu, meno ya mbele bado yamo, rangi ya machungwa kama yalivyo meno ya panya. Kulikuwa na mbavu nyembamba kama unywele mgumu, na mfupa wa nyonga wenye kitundu katikati. Niliipanga yote juu ya gazeti, gazeti lenu hili, na mwenzangu wa zamu ya mchana alipokuja alikuta nimesahau kabisa kwenda nyumbani.

Kuanzia hapo nikawa muulizaji. Nilijifunza kwamba masikio ya bundi huyu hayako sawa: moja limekaa juu kidogo kuliko jingine, ndani ya manyoya. Sauti ya panya inafika huku mapema kidogo na kule kwa nguvu tofauti, naye kwa tofauti hiyo anajua panya yuko kulia au kushoto, juu au chini. Ule uso wa moyo unakusanya sauti kama mtu anavyokinga kiganja nyuma ya sikio. Mtafiti wa Marekani Roger Payne, yule yule aliyekuja kujulikana kwa kurekodi nyimbo za nyangumi, alianzia kwa bundi hawa: aliwafungia kwenye chumba chenye giza totoro, wakamkamata panya kwa kusikia tu. Na kingo za manyoya ya mbele ya bawa zina meno meno kama kitana, ndiyo maana akiruka husikii kitu. Nimesimama hatua tatu kutoka njia yake na sikusikia hata pumzi.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nishike kalamu.

Mwaka mmoja panya walizidi. Uongozi wa ghala ukaleta ndoo ya sumu, vitofali vidogo vya rangi ya buluu, na kazi ya kuvitega nikapewa mimi kwa sababu mimi ndiye ninayejua njia za panya. Nilivitega vizuri. Niliviweka kando ya kuta, nyuma ya magunia, kwenye mdomo wa kila shimo, na kila jioni nilijaza pale palipoliwa. Niliona fahari. Baada ya siku nne au tano nilianza kuona panya wakitembea katikati ya uwanja, polepole, bila woga, wengine taa imewaka juu yao. Daftari langu la siku zile lina maneno ambayo leo yananichoma: "Bundi anakamata kirahisi sana wiki hii."

Kisha bundi mmoja akakoma kutoka. Wako wawili, dume na jike, na wakati ule walikuwa na makinda. Siku ya tatu, kabla hakujapambazuka vizuri, nikamkuta chini ya ukuta amekaa kwa kuegemea, mabawa yameanguka pembeni kama mtu aliyevua koti nusu. Hakuruka. Hakunipigia hata ule mlio wa kutisha wanaoutoa wakibanwa. Nilimwokota kwa koti langu. Nilidhani ningebeba kitu kizito, kumbe ni manyoya tu, mwili wenyewe haufiki nusu kilo. Kwenye tundu la pua kulikuwa na tone la damu, likifutwa linarudi. Macho yalikuwa wazi, meusi kabisa, yananitazama. Nilimpeleka kwa daktari wa mifugo kwa baiskeli, amelala kwenye boksi mbele yangu, na alikufa kabla sijashuka. Daktari alimpasua mbele yangu. Kifua kilikuwa kimejaa damu nyembamba, haijaganda hata kidogo. Akaniuliza swali moja tu: "Mnatega sumu?"

Yeye ndiye aliyenieleza, na naeleza hapa kama nilivyoelewa. Sumu hizi nyingi haziui kwa kuchoma tumbo. Zinazuia damu kuganda. Chanzo chake ni ng'ombe: miaka ya 1920, Amerika Kaskazini, mifugo iliyolishwa majani matamu yaliyoota ukungu ilianza kufa kwa kuvuja damu. Februari 1933 mkulima mmoja wa jimbo la Wisconsin, Marekani, alifika kwenye maabara ya mwanakemia Karl Paul Link, katikati ya dhoruba ya theluji, akiwa na mzoga wa ng'ombe na chombo cha damu isiyoganda. Kutokana na utafiti ulioanzia hapo ikapatikana warfarini, iliyoanza kuuzwa kama sumu ya panya mwaka 1948. Dawa hiyo hiyo, kwa vipimo vya daktari, huwasaidia wagonjwa wenye hatari ya damu kuganda mishipani. Kwa hiyo si jambo la kishetani. Ni jambo la nani anaipata na kiasi gani.

Panya walipoanza kuizoea warfarini, zikatengenezwa sumu kali zaidi, kama brodifakumu na bromadioloni. Panya akila mara moja inatosha. Lakini hafi palepale, na hilo limekusudiwa: panya ni mwerevu, akila kitu kikamdhuru saa hiyo hiyo hakirudii tena. Kwa hiyo anaishi siku kadhaa, anaendelea kula sumu, anazidi kujaa, huku nguvu zikimwisha. Ni siku hizo ndizo bundi anamkamata. Na brodifakumu hukaa kwenye ini la aliyemla kwa miezi. Panya wa leo, panya wa wiki ijayo, panya wa mwezi ujao, kila mmoja anaongeza kidogo. Paka na mbwa nao wamo kwenye mstari huo huo. Tiba ipo, vitamini K, lakini inataka kuwahi, na bundi hawezi kuja kliniki kueleza anavyojisikia.

Nimetaja jambo la bundi mmoja na msomaji anaweza kusema ni dogo. Basi atazame tai wala mizoga wa Asia Kusini. Mamilioni yao walitoweka ndani ya miaka michache, na mwaka 2004 ikabainika sababu: diklofenaki, dawa ya maumivu waliyokuwa wakipewa ng'ombe. Ng'ombe akifa, tai akila mzoga, figo zinakufa. India, Pakistan na Nepal zikapiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006, lakini tai walikuwa wameshakwisha kwa zaidi ya asilimia 90, mizoga ikabaki inaoza na mbwa wakaongezeka. Hakuna aliyekusudia kumuua tai. Mimi pia sikukusudia kumuua bundi, na nimegundua kwamba kutokukusudia hakumsaidii aliyekufa.

Makinda yalikuwa matano. Mayai ya bundi hulaliwa tangu la kwanza, kwa hiyo watoto huanguliwa kwa kupishana siku na wanapishana ukubwa kama ngazi. Mzazi aliyebaki alihangaika peke yake. Nimeandika safari zake zote nilizoziona, na mwandiko wa kurasa zile ni mbaya kwa sababu nilikuwa naandika kwa mkono mmoja na mwingine umeshika tochi chini. Wawili wadogo walikufa. Watatu waliruka.

Nilimwendea msimamizi na yale mafuvu kwenye gazeti na ukurasa wa daftari wenye zile safari 14. Sikumwambia habari za huruma, nilimwambia habari za hesabu: hawa ndege wanafanya kazi yetu bure, na tumeua mmoja. Alinyamaza, halafu akaniuliza ningefanyaje. Tukainua magunia juu ya vichanja, tukafagia nafaka iliyomwagika kila jioni badala ya kila Jumamosi, tukaziba mashimo kwa saruji iliyochanganywa na waya uliosokotwa, maana saruji peke yake panya anaitafuna. Tukaweka mitego ya kubana ndani ya maboksi yenye tundu dogo, ili asiingie ndege. Gundi ya panya nilikataa. Niliwahi kumkuta mjusi amenasa kwa tumbo na miguu yote minne, bado hai, ilinichukua karibu saa nzima kumtoa kwa mafuta ya kupikia, tone kwa tone, kidole kwa kidole. Panya hawakwisha, sitadanganya. Walipungua, na wamebaki hapo walipopungua.

Wengine wamekwenda mbali zaidi yetu. Jimbo la California, Marekani, lilizuia matumizi mengi ya sumu hizi mpya kuanzia mwaka 2021. Wakulima wa Israel walianza miaka ya 1980 kuwajengea bundi masanduku mashambani, baadaye majirani zao wa Jordan na Palestina wakafanya hivyo pia, na katika mashamba ya michikichi huko Malaysia jambo hili limezoeleka. Sanduku la mbao tu, lenye tundu, limewekwa juu.

Niseme na taa, ingawa kwa mlinzi ni neno gumu. Taa yetu kubwa ya getini ilikuwa inamulika mpaka mawinguni. Kila asubuhi nilifagia nondo waliokufa, sufuria nzima. Nilikuwa naamini wanaipenda taa. Mwaka 2024 watafiti walitoa matokeo ya kuwapiga picha za kasi kubwa wadudu wakizunguka taa, wakaona kwamba wanageuza migongo yao kuelekea mwanga, kwa sababu miaka yote mwanga wa usiku ulikuwa juu, angani. Taa ikiwa pembeni wanaizunguka bila kuweza kuiacha. Wamepotea njia, hawajavutiwa. Tuliifunika taa kwa juu kwa kipande cha bati na kuielekeza chini. Ninaona uwanja vizuri kuliko zamani kwa sababu hainichomi macho, na sufuria haijai tena.

Sasa nirudi kwako ndugu yangu unayekosa usingizi. Makelele unayoyasikia, kama ni ule mkoromo usiokoma tangu jioni hadi usiku wa manane, basi si bundi mkubwa. Ni makinda wanaodai chakula. Wanakaa kiotani kama miezi miwili, halafu wanaondoka, na kelele zinaondoka nao. Vumilia hizo wiki zilizobaki. Wakishatoka wote, na uhakikishe wametoka wote, maana kumzibia mtoto ndani ni kumuua kwa njaa, ziba tundu kwa waya imara na uwawekee sanduku kwenye mti mkubwa au kwenye ukuta wa nyuma, mbali na dirisha lako. Ukiwaziba nje bila kuwapa pengine, umeondoa kelele na umebaki na panya. Na kama umeshatega sumu, iondoe leo, uokote kila panya aliyekufa kwa glavu au kwa mfuko na umfukie chini kabisa, usimtupe jalalani. Mtoto au mbwa akiitia sumu hiyo mdomoni, kimbia hospitali au kwa daktari wa mifugo ukiwa na pakiti yake mkononi, hata kama anaonekana mzima, kwa sababu dalili huchelewa siku kadhaa.

Lakini kabla ya hayo yote nakuomba kitu kimoja. Kaa nje usiku mmoja, taa umezima, mgongo ukutani, na kipande cha karatasi. Usimmulike usoni, utamtia upofu wa muda na atasita kurudi. Andika anapotoka na anaporudi, na andika amebeba nini. Ukimaliza, mtumie Mhariri hesabu yako aichape hapa.

Kwangu mimi usiku wa kuamkia leo ulikuwa hivi: mawingu, upepo mdogo, chura mmoja mferejini. Saa 1:04, ametoka. Saa 1:19, amerudi, panya. Saa 1:20, mwenzake ametoka.

Gazeti lenu hunifikia jioni kutoka kwa mwenzangu wa mchana. Nitakuwa getini naisubiri hesabu yako.

Wako,
Mlinzi wa usiku
(jina na anwani nimemwachia Mhariri)